Nina laki na themanini na simu: nikope ninunue kamera?

*Shikamoo anko. Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Uyole hapa Mbeya. Nilimaliza kidato cha nne, sasa namsaidia mama kuuza viazi barabarani. Napenda sana kupiga picha na watu wananiambia najua. Sina kamera, nina simu ya kawaida tu, megapikseli 13. Nimeweka akiba laki moja na themanini. Kuna mtu anauza kamera laki tisa, na rafiki yangu ananishauri nikamalizie kwa wale wa mikopo ya haraka, eti harusi mbili tatu deni limeisha. Nikope? Na kama nisikope, hii hela niifanyie nini? Halafu watu wakiona simu wanacheka. Mteja nitampataje?*

Marahaba mwanangu, na mama msalimie.

Usikope. Nalitanguliza hilo kwa sababu nawajua wauza kamera. Huyo wa laki tisa bila shaka anakupigia kila jioni kukwambia kuna mteja mwingine yuko njiani na hela mkononi. Mwache huyo mteja mwingine aichukue.

Mikopo anayokuelekeza rafiki yako ndiyo ile watu wameibatiza kausha damu, na jina halikutolewa kwa utani. Rejesho lake ni la kila wiki, pengine la kila siku. Harusi hazina ratiba hiyo. Huku kwetu sherehe zinafuata mavuno: watu wakishauza mahindi na mpunga, kuanzia Juni hivi, ndipo kadi za michango zinapoanza kugongana mlangoni. Ikiingia Kwaresima, harusi za Wakatoliki karibu zote zinasimama, mvua inamwagika, na kameramani wengi ninaowajua wanashika jembe. Mkopo haujui Kwaresima. Kijana mmoja niliyemfundisha mwenyewe alikuja kuchukuliwa kamera na flashi mwezi wa tatu, mchana kweupe, mbele ya wateja wake. Sasa hivi anaendesha bodaboda ya mtu.

Na hata mkopo ungekuwa hauna riba, kwa laki tisa utapata bodi ya zamani, yaani kamera yenyewe, na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, ile ya 18–55. Mchana ni lenzi nzuri tu. Ila ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka kuzidi f/5.6. Kwenye hizi namba za f, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Kuna lenzi ndogo ya milimita 50, f/1.8, ambayo inaingiza mwanga karibu mara kumi ya hapo. Sasa piga picha akilini: kanisa la kijijini, saa kumi na moja jioni, mawingu yametanda, umeme umekatika. Bwana harusi anavisha pete. Kamera yako ya deni inakupa picha ya giza au picha iliyotikisika, chagua. Huwezi kumwambia bibi harusi avue pete mrudie.

Vijana mitandaoni wanapenda kusema kamera si kitu, kitu ni jicho. Mimi hilo silikubali. Kamera ni kitu. Sensa ya simu yako, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho, na mwanga ukipungua inaanza kubahatisha: ngozi inakuwa kama imepakwa nta, nywele zinageuka doa moja jeusi. Ukumbini saa mbili usiku simu itakuaibisha. Watu wakicheza itakuaibisha. Ukisimama mwisho wa kanisa ukaielekeza altareni itakuaibisha zaidi. Kwa hiyo ukiitwa leo kupiga harusi ya usiku kwa simu, kataa kwa adabu, hata wakikubembeleza.

Kazi zako kwa sasa ni za mchana, za karibu, mtu akiwa ametulia. Hapo megapikseli 13 zinakutosha na kusaza. Picha ya karatasi saizi ya posta kadi, inchi 4 kwa 6, ikiprintiwa kwa ubora mzuri inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli 2 na kidogo. Ukubwa wa A4 unataka karibu 9. Unazo. Ila usivute kwa vidole. Ukivuta mara mbili tu umebaki na robo ya picha, 13 imekuwa 3 na ushee, na hiyo A4 ndiyo kwaheri. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, tembea umfuate.

Sasa tuje kwenye mwanga. Hapa nitakaa.

Juzi nilikuwa Mwanjelwa, inakaribia saa saba mchana. Mama mmoja anayeuza vitenge akaniomba nimpige picha ya kuweka status. Akasimama nje barazani, kwa sababu ndiko kwenye mwanga mwingi. Mtazame mtu akisimama hapo saa hizo: macho yamekuwa mashimo mawili, kivuli cha pua kimeangukia mdomoni, paji la uso linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Nikamwambia, mama, rudi nyuma uingie dukani, lakini endelea kunitazama mimi huku nje. Akarudi hatua moja. Jua likamtoka usoni, ila macho bado ameyafinya, maana yanagonga saruji ya barazani inayowaka. Akarudi hatua ya pili. Uso ukatulia. Mimi nikabaki nje, nimejibana pembeni ya fremu ya mlango ili nisimzibie. Nyuma yake duka likawa giza, vitenge vikaonekana kwa mbali kama pazia. Nikamwambia ageuze bega la kushoto kidogo. Upande mmoja wa uso ukabaki na nuru, wa pili ukateremka taratibu kuingia kivulini, na ndani ya kila jicho kukawa na kimlango kidogo cheupe. Nikapiga moja. Alipoiona akauliza, "Umeshaiediti?"

Sikuiediti. Jua ni kubwa, lakini liko mbali mno. Kwenye uso wa mtu linafanya kazi kama tochi, linachora kila kovu. Mlango ni mdogo, lakini uko karibu. Kwenye uso ni kama ukuta mzima unaotoa mwanga, kwa hiyo vivuli vinalainika. Kinachoingia mlangoni si jua lenyewe, ni mwanga wa anga. Studio za mjini zinanunua taa na maboksi ya vitambaa vya gharama kuigiza mlango wa duka la vitenge. Wewe unao mlango wa jikoni kwa mama.

Huku kwetu jambo hili lina uzito kuliko kwingine. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, jua linapita juu ya utosi kabisa. Na Oktoba ndiyo mahafali ya kidato cha nne yamepamba moto! Ndiyo maana albamu za mahafali zimejaa watoto wasio na macho. Kofia ya joho inaongeza kivuli juu ya kivuli. Wapeleke chini ya mti, lakini ukingoni mwa kivuli, nyuso zikitazama kwenye uwazi. Ukiwapeleka kwenye shina la mti majani yatawachapa madoa ya jua kama chui. Na ukiwa unajifunza kwa video za mafundi wa Dar, wakisema jua zuri la jioni linaanza saa fulani, ongeza kama dakika ishirini. Sisi tuko magharibi yao, jua letu linachelewa kuzama. Isipokuwa mlima ulilimeze mapema.

Ogopa turubai la bluu. Sijui nani aliamua kwamba sherehe zote za nyanda za juu zifanyike chini ya turubai la bluu, lakini nimetumia miaka ya maisha yangu kuondoa ubluu kwenye nyuso za mashangazi. Jua likipita kwenye turubai, kila mtu chini yake anakuwa kama ameaga dunia. Programu ya kuediti inaweza kurekebisha kidogo, ila ukiondoa bluu usoni, kila kilicho nje ya turubai kinageuka njano. Dawa ni miguu yako. Mwite mtu asogee mpaka ukingo wa turubai, mwanga wa nje umguse usoni. Ukuta wa kijani nao vivyo hivyo, unampaka mtu kijani shavuni. Udongo mwekundu wa Njombe na Iringa unarudisha wekundu kutoka chini, na huo mimi naupenda, unampendeza mtu mweusi.

Halafu kuna ukungu. Wewe uko Uyole, njia panda ya Tukuyu. Nauli ikipatikana panda asubuhi moja ya ukungu ushuke kwenye mashamba ya chai ya Katumba. Anga lote limekuwa mlango. Hakuna kivuli kibaya popote, unaweza kupiga hata saa sita mchana. Tatizo ni kwamba simu ikiona weupe mwingi inadhani imezidiwa na mwanga, inaipunguza picha, na mtu wako anatoka kijivu kama jivu la mkaa. Gusa uso wake kwenye kioo, shikilia kidole mpaka ijifunge, kisha panda na kile kijua kidogo kinachotokea kwenye kioo mpaka ngozi ifanane na ngozi.

Hilo la kugusa uso ulifanye kila siku, si kwenye ukungu tu. Simu haijui kwamba unampiga bibi yako. Inachukua wastani wa kila kilichomo kwenye fremu. Mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, simu inaupunguza ukuta na bibi anazama gizani. Mtu huyohuyo mbele ya mlango wa giza, simu inaongeza, na uso unapauka. Amri ni ya kwako. Na uende kwenye mipangilio uzime kile kipodozi cha kulainisha uso, kizime kabisa. Kinafuta mikunjo ya wazee na kuwapausha watu ngozi bila kuwauliza.

Kama upande wa kivulini umekuwa mweusi mno, tafuta salfeti. Lile jeupe la mchele wa Kyela, lioshe, litandaze kwenye kipande cha boksi. Mtu alishike mapajani au liegemeze upande wa giza, karibu kiasi cha mkono mmoja. Utaona shavu linarudi. Nina kirudisha mwanga cha kununua, cha kukunja, kinapendeza mbele ya wateja. Salfeti inafanya kazi ileile.

Sasa nikupe zoezi, na kwanza nikwambie lilikotoka.

Mwaka 1999 nilikuwa nabeba stendi kwenye studio moja mjini. Siku hizo ni mkanda wa filamu, picha 36, basi. Bosi akanituma peke yangu kijijini Rungwe kupiga kipaimara. Nilipiga kwa madaha. Kihesabio kikafika 36, kikaenda 37, kikaenda 39, mimi nafurahi kwamba leo nimepata mkanda mrefu. Tulipofungua kamera gizani, mkanda haukuwa umeshika jino hata moja. Haukusogea. Kama ningekitazama kile kitufe cha kurudishia, kingenionyesha kwamba hakizunguki, lakini nani atazame kitufe wakati watoto wamevaa nyeupe? Bosi hakunipiga. Alinirudisha kijijini kwa nauli yangu, siku ya Jumanne, nikaenda nyumba kwa nyumba kuwaomba watoto wavae tena magauni. Mmoja gauni lilikuwa la kuazima, limesharudi kwa wenyewe.

Tangu siku hiyo, kila picha naipiga kama ina bei. Zoezi lako ni hilo: kila Jumatatu jipe mkanda wa picha 36 kwa wiki nzima. Mtu mmoja, mama yako. Mlango mmoja. Asubuhi, mchana, jioni, akiwa amesimama, amekaa, akimenya viazi. Hakuna kufuta. Ya 36 ikiisha Jumatano, simu inabaki simu mpaka Jumatatu nyingine. Jumapili zitazame zote, chagua tatu, na uandike kwa kalamu kwa nini hizo tatu na kwa nini ile ya kumi na saba ni mbaya. Fanya hivyo wiki sita. Wiki ya pili utachoka na mlango. Wiki ya nne utaanza kuuona mwanga ukihama juu ya ukuta kama unavyoiona saa.

Pale Bamako, Mali, kulikuwa na mtu anaitwa Seydou Keïta. Alikuwa fundi seremala. Mwaka 1935 mjomba wake alitoka safari Senegal akamletea kamera ndogo ya Kodak, na mwaka 1948 akafungua studio yake. Alipigia uani, kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake. Mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu, kwa sababu vifaa ni hela. Pazia lilipochakaa alibadilisha, na uzeeni aliweza kusema picha fulani ni ya miaka gani kwa kutazama pazia lililo nyuma. Leo picha hizo zinatundikwa kwenye makumbusho Ulaya na Marekani. Watu walewale wa Bamako, uani.

Laki moja na themanini sasa. Elfu sitini ni ya kuprinti, na hiyo usiiguse kwa jambo jingine lolote. Nitakwambia kwa nini. Elfu thelathini tafuta stendi ya simu yenye kishikio kisicholegea, maana jioni mwanga ukipungua mkono hauwezi kutulia. Elfu ishirini nunua memori kadi na flashi diski, picha za mteja zikae sehemu mbili kabla hujafuta kwenye simu. Kadi za bandia zimejaa mjini, zimeandikwa ukubwa ambao hazina. Ukinunua, ijaze video mpaka mwisho, kisha fungua ya mwisho uone kama inacheza. Isipocheza, irudishe siku hiyohiyo. Elfu kumi ni kitambaa, mita mbili tatu, rangi ya kijivu au kahawia, kisicho na maua wala mng'ao. Elfu ishirini nauli na bando. Elfu arobaini inayobaki ndiyo mbegu ya kamera, iweke mahali ambapo kuitoa ni shida.

Kuediti usilipie. Snapseed ni ya bure na inatosha. Ongeza mwanga kidogo, nyoosha picha iliyopinda, acha. Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, kwa sababu ukituma kama picha inabanwa na akienda kuiprinti inatoka ukungu, na atakulaumu wewe.

Kuprinti nako kuna mtego mmoja. Simu nyingi zinapiga picha ya uwiano wa 4 kwa 3. Karatasi ya posta kadi ni 3 kwa 2. Mashine italazimika kukata, na kwenye picha ya kulala inakata sehemu moja ya tisa ya kimo. Ukiwa umewabana ndugu kumi, vichwa juu kabisa na viatu chini kabisa, mashine itachagua kati ya nywele za mjomba na miguu ya watoto. Acha nafasi juu na chini.

Sasa wateja, na kucheka kwao.

Kila mara msiba ukitokea, naletewa simu. "Kaka, tukatie marehemu kwenye hii picha ya kundi." Ni mzee wa miaka themanini, na picha pekee aliyonayo ni ya harusi ya mjukuu, amesimama safu ya tatu, nusu ya uso imezibwa na kofia ya mtu. Ndiyo itakayowekwa juu ya jeneza. Nimefanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini na bado inaniuma, kwa sababu mzee alikuwepo miaka yote, anaota jua kwenye kiti mlangoni pake. Mchana. Karibu. Ametulia. Umeona? Ni kazi ambayo simu yako inaiweza kuliko kamera yangu ninapokuwa na haraka.

Anza na bibi wa jirani. Muombe ruhusa, na muombe mwanawe pia. Mwambie avae anachokipenda. Mpeleke hatua mbili ndani ya mlango wake, zungumza naye kwanza, muulize habari za zamani. Wazee wetu wakiona kamera wanakakamaa kama wanapigwa ya kitambulisho. Piga akisikiliza, si akiongea. Kaprinti moja kubwa, mpelekee mkononi, bure. Usiweke mtandaoni. Ile picha itakaa ukutani, na kila atakayeingia kusalimia atauliza nani kapiga. Fanya hivyo kwa watu kumi wenye nyumba zinazotembelewa: bibi, mama lishe, fundi cherehani, katekista. Hiyo ndiyo elfu sitini yako. Baada ya hao kumi usimpigie mtu bure tena, hata shangazi.

Wanaocheka simu usibishane nao. Tembea na kialbamu kidogo mkobani. Mtu akicheka, mpe ashike. Karatasi ina uzito wake, kicheko kinakatika chenyewe.

Bei panga kwa kuhesabu: karatasi, nauli, bando, na muda wako. Chukua nusu mwanzoni, andika tarehe ya kukabidhi, na tarehe hiyo usiivunje. Wateja wengi niliowanyang'anya wenzangu sikuwazidi kwa picha nzuri, niliwazidi kwa kupeleka Ijumaa niliyosema Ijumaa.

Na wewe una kitu ambacho mimi sina. Kitchen party ni ya kina mama. Kameramani wa kiume tunavumiliwa tu mle ndani, na ikifika saa ya somo kumfunda mwali tunatolewa nje, tunakula wali tukisubiri. Tafuta washereheshaji wa kike na wapambaji wa Mbeya, uwaonyeshe kialbamu, uwaambie unaweza kupiga mwali akivalishwa, dirishani, mchana. Usiku wa ukumbini waachie wenye kamera, ila uombe kuwabebea stendi na flashi. Ukibeba flashi ya mtu mara kumi utakuwa umejifunza mengi kuliko kwenye video, na ukikosea hakuna anayekudai.

Kamera itakuja. Ikishafika laki tano au sita ya jasho lako, tafuta mpiga picha anayebadilisha vifaa, ununue kwake ana kwa ana, mchana. Bodi za zamani kama Canon 600D au Nikon D3100 bado zinapiga picha nzuri sana. Kwa Nikon za daraja hilo kuwa makini: hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi lazima iwe ile iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake, ukiuziwa ya AF-D utazungusha kwa mkono mpaka uchoke. Muulize shata, kile kipazia kinachofunguka kila unapopiga, imepigwa mara ngapi. Nikon inaiandika ndani ya faili la picha, Canon nyingi inabidi uunganishe na kompyuta. Zikizidi mara laki moja, shusha bei au ondoka. Piga picha ya anga kwa f/16 uone madoa ya sensa. Washa tochi nyuma ya lenzi utazame ndani: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu wa fangasi, usinunue hata kwa bei ya chungwa. Mvua za Rungwe zinawalisha vizuri. Ukishakuwa nayo usiifungie kwenye mkoba wa ngozi. Iweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Na cha kwanza kununua baada ya bodi ni ile 50 ya f/1.8, kabla ya flashi, kabla ya begi.

Siku utakayoitwa Kyela, kumbuka hili. Niliwahi kushuka alfajiri kutoka Tukuyu nyuma ya pikapu, kamera kwenye sanduku la bati, imepoa kama jiwe la mtoni. Kule chini karibu na Ziwa Nyasa joto limejaa unyevu. Nikafungua sanduku mlangoni mwa kanisa, maharusi wanaingia, kioo kikavaa ukungu. Nikafuta, kikavaa. Nikafuta, kikavaa. Maandamano yote ya kuingia sina. Kamera ikitoka kwenye baridi, ifunge ndani ya mfuko wa nailoni kabla hujaanza kushuka, ukifika iache humohumo nusu saa izoee joto ndipo uitoe.

Kama wanaweza kupatikana vijana wenzako mkaunda kikundi cha kweli, siyo cha karatasi, halmashauri zina mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya vijana. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata. Huo ndio mkopo pekee ningekuruhusu, na si mwaka huu.

Kambi za jeshi, vituo vya polisi, stesheni, usielekeze kamera bila ruhusa. Hifadhi ya Kitulo kwenye maua ukienda kwa biashara, uliza TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, habari ya kibali kwanza.

Wiki sita zikiisha, njoo studio. Usije na simu, njoo na zile kumi na nane ulizochagua, zimeprintiwa, ndani ya kialbamu. Sitauliza ulitumia nini. Nitachukua kioo changu cha kukuzia na kutazama macho ya mama yako, moja baada ya jingine, natafuta kile kimlango cheupe.

Na uniletee debe la viazi. Nitalipa.